Alhamisi, Redio Hufunga Duka

Kijiwe chenyewe ni benchi refu la mbao lililoegeshwa kwenye ukuta wa saluni ya kinyozi, kati ya mlango wake na meza ya fundi simu. Mguu mmoja wa benchi ulivunjika zamani ukawekewa matofali, kwa hiyo anayekaa ncha ile akisimama bila taarifa, wa ncha ya pili hujikuta chini. Hapo, jua likianza kulegea, birika la Shangazi hufuka moshi, vikombe hugongana, na watu wazima wenye kazi zao huziacha kazi zao wakaja kuinyoosha dunia. Shangazi si shangazi wa mtu pale. Ni muuza kahawa, mjane mwenye mdomo mkali kuliko kahawa yake. Fundi simu wanamwita Profesa, kwa kuwa hakuna jambo asilolijua isipokuwa kwa nini simu anazozitengeneza hurudi. Muuza viatu vya mitumba ni Methali: ana methali nyingi kuliko viatu, na kama viatu vyake, si zote zilizopata mwenzake wa kulingana. Mwenye saluni ndiye Redio. Huyo aliwahi kumnyoa mteja aliyesinzia tangu kitambaa kilipofungwa shingoni, na alipoamka, Redio akamshukuru kwa mazungumzo matamu.

Sasa Redio alikuwa ameanza kufunga duka kila Alhamisi mchana, bila maelezo. Mtu anayekueleza hata ndoto za kuku wake, akuache hivihivi bila maelezo! Kijiwe kilikuwa hakilali.

Alhamisi hiyo alikuwa anarudi, mkono mfukoni ukichezea funguo, alipofika kwenye kona akasikia anasemwa. Siku zote angejitokeza palepale akadaka neno la mtu kabla halijatua. Lakini huko alikotoka alikuwa anafundishwa kungoja, akaona mazoezi si mabaya. Akajibanza ukutani.

— Ni mwanamke, — Shangazi alikuwa anasema. — Mwanamume anayefunga duka mchana, akaoga, akavaa shati la kola, huyo haendi kumwona fundi bomba.

— Na mkewe kaenda kumsalimia dada yake, — alisema Methali. — Paka akiondoka, mwenyeji apone.

— Salamu gani hizo zisizoisha? Mtu anakwenda kusalimia na cherehani?

— Mnawaza kitoto, — alisema Profesa, akiinamia simu aliyoipasua tumbo. — Tumieni akili. Kinyozi anajua nini? Nywele. Nani ana shida ya nywele? Wenye vipara. Wenye vipara ni akina nani? Wakubwa! Redio ameitwa kwenye majaribio ya dawa ya siri ya kuotesha nywele.

— Kinyozi aoteshe nywele?

— Ndiyo biashara hiyo, Shangazi! Aoteshe mwenyewe, anyoe mwenyewe.

— Mwenye shoka hakosi kipara, — Methali aliafiki kwa heshima kubwa. Kisha akashusha sauti. — Ila mimi nina langu. Jasusi.

— Nani?

— Redio. Fikirini. Mtu akiinamishwa kichwa kwenye kiti cha kinyozi, siri zote zinamwagika. Alhamisi anakwenda kuzitapika kwa wakubwa. Kikulacho ki kichwani mwako.

Shangazi alicheka mpaka mkono wa birika ukatetemeka.

— Jasusi! Kazi ya jasusi si kusikia? Yule tangu azaliwe hajasikia kitu ila sauti yake. Labda wamtume kwa maadui akawasimulie, wasalimu amri wenyewe!

Kijiwe kikalipuka kwa kicheko. Hata Redio kule ukutani alicheka kimoyomoyo. Kisha kitu kikamfinya kifuani, kwa sababu neno lile lile la Shangazi alikuwa ametoka kuambiwa saa ileile, na watu ambao hawamjui Shangazi wala benchi lake. Akajitokeza.

— Nakwenda hospitali, — alisema.

Kicheko kikakatika kama maji ya bomba. Methali akasimama kwa hofu. Profesa, aliyekuwa ncha ya pili, akaenda chini na simu yake iliyopasuliwa.

— Pole, ndugu yangu, — alisema Methali, macho yamemjaa maji tayari. — Pole sana. Chema hakidumu, na kibaya vilevile.

— Sijafa, Methali.

— Haraka ya nini? Mdogo mdogo ndio mwendo.

— Kiungo gani? — aliuliza Profesa akiwa bado chini. — Ini? Niambie tu, dalili nazijua zote.

Redio akaketi. Shangazi akamtilia kikombe bila kuulizwa. Naye akawaeleza, polepole, kwa namna ambayo hawakuizoea: kwamba tangu mama watoto alipobeba cherehani yake akaondoka, moyo ulikuwa unamwenda mbio, usingizi ukakatika. Akaenda kupimwa. Daktari akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema moyo ni mzima, huenda mwenye moyo ndiye anayehitaji fundi. Akapelekwa kwenye chumba mwishoni mwa ukumbi. Viti vya plastiki, dirisha moja, mama mmoja mshauri mwenye sauti ya chini, na watu wengine saba.

— Wanaita tiba ya kikundi. Tunakaa duara. Mmoja anasema, wengine wanasikiliza. Kisha tunaambiana tulivyoyapokea.

— Halafu mnapewa dawa, — alisema Profesa.

— Ndiyo dawa hiyo.

Profesa akaweka bisibisi mezani.

— Ngoja. Watu wanakaa, wanaongea, wanainuka, wanaondoka. Ndiyo tiba?

— Ndiyo.

— Jamani! — Profesa akapiga kofi hewani. — Kumbe sisi hapa ni hospitali! Miaka yote hii! Shangazi ni daktari mkuu!

— Na nyinyi ni wagonjwa sugu, — alisema Shangazi. — Hamna hata mmoja niliyewahi kumruhusu kurudi nyumbani.

— Tupake benchi rangi nyeupe!

— Penye wengi hapaharibiki benchi! — alipaza sauti Methali, kafurahi kama kapata mwana.

— Haya, tupe habari, — alisema Shangazi, akivuta kigoda. — Hao saba wana nini? Kuna mwizi? Kuna aliyeachwa siku ya harusi?

— Ya wenzangu siyasemi. Tulikubaliana. Ya pale yanabaki pale.

Shangazi akanyoosha mkono akamgusa Redio paji la uso.

— Ana homa, — alisema. — Redio ana habari na hasemi.

— Yangu nitayasema, — alisema Redio. — Yangu ni ruhusa.

Akapiga funda la kahawa. Akawaambia kwamba siku za mwanzo alijiona yeye ndiye sukari ya chumba kile. Mtu akianza jambo zito, sauti ikitetemeka, Redio alitupa kichekesho, wakacheka, hewa ikawa nyepesi. Akawa anarudi zake nyumbani akipiga mluzi. Alikuwa akisema moyoni, hawa maskini wangefanyaje bila mimi?

— Leo mmoja wetu alikuwa anasema. Nikatupa changu. Wakacheka. Yeye akacheka pia, kisha akanigeukia. Akasema, “Kila nikifika kwenye kidonda, wewe unaleta kichekesho. Nacheka, halafu nakwenda nyumbani na kidonda changu vilevile. Naona kama unanifungia mlango usoni.”

— Ukamjibu nini? — aliuliza Profesa.

— Nilikuwa na majibu kumi. Mshauri akasema, “Usijibu kwanza. Nyie wengine mnaonaje?” Basi wakapokezana wakisema: Nami pia. Nami pia. Hata mimi. Duara zima, bwana! Mmoja akasema ananiona kama redio. Sikumwambia mtu jina langu la huku. Mle najulikana kama kaka tu.

— Wamekula njama, — alisema Profesa.

— Nilifikiri hivyo hivyo. Nikawatazama. Hawajuani. Hawamjui mama watoto. Na mama watoto, siku anaondoka, kasimama mlangoni na cherehani kichwani, aliniambia, “Mimi nimeolewa na redio. Nalia mbele yako, unaniwekea wimbo.” Mke akikwambia, unasema ah, huyu ni mke wangu, ana yake. Watu saba wasiomjua wakikwambia maneno yake, utasema nini?

Methali alifungua mdomo, Shangazi akamtazama, akaufunga.

— Ndipo mshauri akaniuliza, “Ukinyamaza, unaogopa kitatokea nini?” Nikataka kucheka. Kumbe nalia. — Redio akakizungusha kikombe kiganjani. — Nyumbani kwetu, baba akinyamaza, kile kimya kilikuwa kinatangulia kofi. Kwa mama, kwa kaka, kwa yeyote aliye karibu. Mimi ndiye mdogo wa wote. Nikagundua baba akicheka, hapigi mtu. Basi nikawa kichekesho cha nyumba. Baba alishakufa, Mungu amrehemu, na mimi bado namchekesha.

Kijiwe kikatulia. Profesa akaokota skurubu isiyokuwepo. Utulivu ule ulikuwa mpya kwao kiasi kwamba kila mmoja aliuona kama kosa lake, na Profesa ndiye aliyeshindwa kwanza.

— Tufanye hapa! — aliruka. — Sasa hivi! Duara!

— Benchi halipindi, — alisema Shangazi.

— Wewe na kigoda chako huku, mimi na kiti changu kule, hawa wawili wabaki. Duara la pembe nne. Redio, toa masharti!

Redio akajikuta anacheka, mwili mzima ukimsisimka kwa furaha ya kipuuzi kama mtoto aliyeruhusiwa kucheza mvuani.

— Masharti ni haya. Anayesema hakatizwi. Hakuna kutoa ushauri.

— Hakuna ushauri? — Profesa alishika kifua. — Mtu ana shida na mimi ninalo jibu, nikae nalo tu? Litaniozea!

— Hakuna ushauri. Na unasema “mimi”, husemi “wewe”. Mimi nilihisi hivi, mimi nimeumia vile.

— Rahisi. Naanza. — Profesa akajikohoza. — Mimi naona Methali ni mjinga.

— Hiyo si “mimi”!

— Nimeanza na “mimi”! Mmesikia wote! Mimi!

— Umejificha nyuma ya “mimi” ukarusha jiwe!

— Na mimi, — alisema Methali, — nahisi kwamba mtoto umleavyo ndivyo fundi simu akuavyo.

Wakacheka mpaka mteja mmoja aliyekuja kuchukua simu yake akaghairi, akaenda zake. Shangazi akagonga birika kwa kijiko.

— Kimya! Zamu yangu. — Akajifunga kanga vizuri. — Mimi... mchana kutwa naitwa. Shangazi, ongeza. Shangazi, hii imepoa. Shangazi, sukari. Na sijapata kusikia mtu akiniuliza, Shangazi, umeamkaje? Siku nyingine naamka vibaya. Mimi nahisi hivyo.

— Nunua chupa ya chai kubwa, — alisema Profesa palepale. — Itakaa moto, hawatakusumbua...

— Profesa!

— ...ila iwe ya kifuniko cha kubonyeza...

— Profesa! Umetoa ushauri!

Profesa akaziba mdomo kwa mikono miwili. Macho yalimtoka. Ilikuwa dhahiri kwamba ushauri mwingine ulikuwa unapanda, na wa tatu nyuma yake. Hatimaye akaondoa mikono, taratibu.

— Shangazi, — alisema kwa aibu, — umeamkaje leo?

Shangazi hakutegemea. Akashika ncha ya kanga, akatazama pembeni.

— Mgongo unauma, — alisema. — Lakini sasa nimeamka vizuri.

Hapo wakashangilia kama goli limefungwa. Redio aliona kweli kitu kile kile alichokiona mle chumbani: uso wa mtu ukifunguka kidogo, kwa swali ambalo halina gharama. Akamgeukia jirani yake wa benchi.

— Zamu yako, Methali. Bila methali.

— Bila methali?

— Kabisa.

— Hata nusu?

— Hata robo.

Methali akacheka peke yake. Akafungua mdomo. Ukakaa wazi, hakuna kilichotoka. Akaufunga, akaangalia viatu vyake alivyovipanga kwenye turubai, akarudi tena.

— Mdogo wangu, — alianza. — Damu nzito ku...

Shangazi akainua kijiko.

— Mdogo wangu hatusemezani. Tangu tulipomzika mama. Siku ile watu walipokwisha kuondoka alinifuata nyuma ya nyumba. Mtu mzima yule, ana watoto, lakini alikuwa anatetemeka. Akaniuliza, “Kaka, sasa tutafanyaje?” — Methali akasita. — Nikamwambia mvumilivu hula mbivu.

Hakuna aliyecheka.

— Mama yetu amelazwa chini siku ileile, na mimi namhubiria habari za matunda. Akanitazama, akageuka, akaenda. Nami nilikuwa sina la kumwambia, jamani. Nilikuwa nataka kumuuliza yeye swali lilelile.

Redio alikuwa na kichekesho. Kusema kweli, kilikuwa kichekesho kizuri, cha matunda, kimeiva; kilifika mpaka kwenye meno. Aliuhisi ulimi ukijiandaa. Na nyuma ya kichekesho kile akaisikia hofu yake, ndogo, ya mtoto aliyejikunja kwenye kona ya sebule akisubiri baba acheke. Akakimeza. Kiliteremka vibaya kama kipande cha muhogo mkavu. Akaweka mkono begani kwa Methali, akauacha hapo.

Profesa naye alikuwa na ushauri. Mishipa ya shingo ilimtoka. Hakuutoa. Shangazi akashusha kijiko. Methali akajifuta macho kwa soli ya kiatu cha mtoto alichokuwa amekishika bila kujua. Wanne wale wakakaa kimya, vichwa chini, kahawa ikipoa, na kimya hakikumpiga mtu.

Hivyo ndivyo alivyowakuta mama watoto.

Alikuwa amekuja kufuata mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akakuta nyumba imefungwa, ndipo akaja saluni. Njia nzima alikuwa ameandaa uso wa kutosikia, maana kijiwe kile husikika kabla ya kuonekana. Sasa hakuna sauti. Akapunguza mwendo. Akawatazama mmoja mmoja: Methali machozi, Shangazi kajiinamia, Profesa kashika kichwa, na mume wake, mume wake yule, midomo imekutana.

— Nani kafa? — aliuliza.

Wakatazamana. Lilikuwa swali jepesi kabisa, na kijiwe kizima, chenye majibu ya dunia na ya mbinguni, kikakosa la kusema.

— Hakuna aliyekufa, shemeji, — Profesa alijaribu. — Tulikuwa tu... tunasikilizana.

— Nyinyi?

Shangazi akainuka, akampisha kigoda.

— Kaa, mwanangu. Umeamkaje?

Mama watoto akakaa, zaidi kwa mshangao kuliko kwa kutaka. Akamtazama mumewe, akingojea. Redio alikuwa na mengi: nimekukumbuka, nisamehe, nakwenda mahali fulani Alhamisi, nimejua kitu, sikiliza. Yote yalisongamana mlangoni.

— Huko kwa dada unaendeleaje? — aliuliza. Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote. Akanyamaza.

— Salama, — alisema mkewe.

Redio akangoja.

— Nimefuata mkasi.

Akaitika kwa kichwa, akangoja. Mkewe akaanza kucheza na pindo la kanga.

— Dada ananiuliza kwa nini nilikuja. Nikamwambia sijui. Lakini najua. — Aliitazama barabara. — Ile siku nilipoondolewa kiwandani. Miaka yote ile nashona pale, wakatuita uani wakatuambia basi. Nikarudi kwa miguu, sikutaka kupanda gari nikatazamwa. Nikakukuta mlangoni. Nikakwambia, “Baba watoto, leo nimeondolewa kazini...”

Akakoma. Redio alipajua pale. Ndipo yeye siku ile aliposema: vizuri, sasa utanishonea mashati bure, na akacheka kwa nguvu, na mkewe akatabasamu, akaingia jikoni. Na kila mara mkewe aliporudia kuisimulia siku ile, alikatizwa papo hapo, kwa kichekesho kilekile au kingine cha aina ile. Sasa alikuwa amesimama kwenye neno lile, mabega yamekaza, anasubiri kipigo cha kicheko.

Hakikuja. Gari likapita. Redio alimtazama mkewe usoni, hakukwepa, na mikono yake iliyozoea mkasi na mashine ikatulia magotini.

Mkewe akangoja zaidi. Akakunja uso.

— Ndio nini sasa? — alisema. — Umeniharibia.

— Nimefanya nini?

— Sijawahi kufika hapa! — Sauti ilimpasuka katikati, nusu kilio, nusu kicheko. — Miaka yote naishia hapo. Sijui hata yanayofuata!

Akaangua kicheko, akajiziba uso kwa kanga, na mabega yakaendelea kutikisika hata kicheko kilipokwisha. Shangazi alitikisa birika: tupu. Hakumwambia mtu. Redio akasogea pembeni kidogo kwenye benchi, mkewe akatoka kigodani akakaa karibu naye, akapenga kamasi, akavuta pumzi ndefu.

— Basi, — alisema. — Nilikuwa nimeogopa sana.